Kuku Mmoja, Meza Nzima: Vipapatio Vikavu kwa Mtindo wa Asia

Jumapili moja tulipokuwa Mlimba, tulialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa mwenzetu mmoja. Ni mama wa watoto watano, na mumewe ni mkulima wa mpunga kama walivyo wengi katika Bonde la Kilombero. Tulikuta sinia la wali uliochambuka punje kwa punje, ukinukia kama unavyonukia mchele wa huko, na bakuli la kuku wa kienyeji wa mchuzi. Baada ya kusali, mama alianza kugawa. Firigisi na paja moja akamwekea baba. Paja la pili na kidari akatuwekea sisi wageni. Watoto wakagawana mgongo na vipapatio viwili. Mwisho, alipojipakulia mwenyewe, bakulini mlikuwa mmebaki shingo na mchuzi.

Hakunung'unika. Lakini binti yake, mwenye umri wa kama miaka tisa, alikuwa akimtazama, akamwuliza, "Mama, mbona wewe kila siku unakula shingo?"

Mama akacheka, akajibu, "Shingo ndiyo naipenda, mwanangu."

Tuliinamisha macho. Kila mmoja wetu amewahi kuwaambia watoto wake maneno hayo, na kila mmoja wetu anajua kwamba si kweli.

Mpenzi msomaji, makala hii ni ya mapishi. Tutaeleza jinsi ya kukaanga vipapatio vya kuku kwa mtindo wa nchi za Asia, viwe vikavu nje na laini ndani, kwa vitu vinavyopatikana katika jiko lako. Lakini tumeanza na shingo kwa sababu upishi huu una faida moja ambayo hatukuitegemea: unamfanya kuku mmoja atoshe meza nzima, na mama akiwamo.

Kipande chako ni kipi?

Katika nyumba zetu nyingi kuku ana ngazi zake. Firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni, na vipande vyenye mifupa mingi ni vya watoto. Hatusemi kwamba desturi hiyo ilianzishwa kwa ubaya. Ni njia ya kuonyesha heshima. Tatizo ni kwamba anayepika na kugawa ndiye anayebaki mwisho, tena hata wakati ana mimba au ananyonyesha, yaani wakati ambao mwili wake unahitaji nyama kuliko wa mtu mwingine yeyote pale mezani.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 42 walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. La kusikitisha ni kwamba katika mikoa ya Iringa na Njombe, majirani wa Mlimba kule juu milimani, waliodumaa walikuwa nusu ya watoto au zaidi, ingawa mikoa hiyo inasifiwa kwa wingi wa mazao. Kwa hiyo ghala lililojaa halitoshi. Kuna swali la nini kinaingia katika sahani ya nani.

Kuku peke yake haondoi matatizo hayo. Maharage, mboga za majani, dagaa, mayai na matunda yana kazi yake, na zahanati ina kazi yake. Lakini siku kuku anapochinjwa, ni haki kila mtu aonje nyama.

Kipapatio kilivyopanda cheo

Dharau ya kipapatio si yetu peke yetu. Katika mji wa Nagoya nchini Japani, hadi miaka ya 1960 vipapatio vilikuwa vya kuchemshia supu tu. Inasimuliwa kwamba siku moja mwenye mkahawa mmoja uitwao Furaibo alikosa kuku wazima aliowaagiza. Akaviona vipapatio vimelala bila kazi, akavikaanga vikawa vikavu, akavipaka sosi yake ya soya, na wateja wakavipenda. Leo vipapatio ni chakula kinachoutambulisha mji huo. Huko Korea nako wapishi wamejulikana kwa kukaanga kuku mara mbili ili ganda lake likauke sawasawa.

Mlimba yenyewe si ngeni kwa watu wa Asia. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita hapo. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina, na kutoka Mlimba kupanda kwenda Makambako ndiyo sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote, kwa madaraja na mahandaki yake.

Katika nchi hizo za Asia ya Mashariki kuna jambo jingine la kujifunza. Nyama hukatwa vipande vidogo jikoni, kwa kuwa watu hula kwa vijiti na hakuna kisu mezani. Mkato huo mdogo ndio uliotuvutia. Kuku ana vipapatio viwili tu. Lakini kuku mzima akikatwa vipande vyenye ukubwa wa nusu ya kipapatio, na vyote vikakaangwa namna moja, hakuna tena kipande cha mkubwa na cha mdogo.

Siri iko katika unga wa mchele

Wengi wetu hukaanga kuku kwa unga wa ngano. Ukitoka jikoni ni mkavu, lakini baada ya dakika chache unalainika. Unga wa ngano ukikutana na maji huvutika, kama uonavyo unapokanda chapati. Unga wa mchele hauvutiki hivyo. Huacha maji yatoke upesi, na ganda lake hubaki jembamba na kavu, likilia mdomoni kama kaukau.

Hapo mama wa Kilombero ana bahati. Huna haja ya kutumia mchele mzima. Chenga zinazobaki mashineni baada ya kukoboa mpunga ni rahisi, na zinafaa kabisa. Zipepete, zioshe, ziloweke kwa saa mbili, zichuje, zianike kivulini mpaka zikauke, kisha zitwange na kuzichekecha kama unavyofanya kwa vitumbua. Unga uwe laini, maana ukiwa na chembe utawakwaruza walaji.

Mahitaji

Kipimo hiki kinatosha kilo 1 ya vipapatio, au kuku mmoja mdogo:

Vipapatio kilo 1
Unga wa mchele kikombe 1
Unga wa muhogo vijiko vikubwa 2
Chumvi kijiko cha chai 1
Pilipili manga nusu kijiko cha chai
Kitunguu saumu punje 3, kilichotwangwa
Tangawizi mbichi kipande cha kidole, iliyotwangwa
Ndimu 1
Mafuta ya kukaangia, ya alizeti au mengine ya kula, kama lita 1

Kwa sosi:

Sosi ya soya vijiko vikubwa 3
Asali au sukari vijiko vikubwa 2
Siki au maji ya ndimu kijiko kikubwa 1
Maji vijiko vikubwa 2
Kitunguu saumu punje 2 na tangawizi kidogo
Pilipili moja ukipenda
Ufuta kijiko kikubwa 1, uliokaangwa bila mafuta

Kama sosi ya soya haipatikani dukani kwako, usiache kupika. Yeyusha sukari vijiko viwili kwenye sufuria kavu mpaka iwe rangi ya kahawia, kisha ondoa sufuria motoni na uongeze maji robo kikombe polepole, ukisimama mbali kidogo maana itaruka. Rudisha motoni mpaka sukari iyeyuke yote, tia chumvi nusu kijiko cha chai na ndimu. Ladha haitakuwa ile ile, lakini itakuwa tamu.

Kutayarisha kuku

Kipapatio kina sehemu tatu: kipande cha juu chenye nyama nyingi, cha kati chenye mifupa miwili myembamba, na ncha. Kata kwenye viungo. Ncha weka kando kwa supu.

Ukitumia kuku mzima, utapata vipande 18 hivi: vipapatio 4, kila paja vipande 3, kidari vipande 6 na mgongo 2. Kata kwenye viungo kadiri uwezavyo, na unapolazimika kukata mfupa tumia kisu kizito, kisha ondoa vijipande vyote vya mfupa.

Hapa lazima tutofautishe kuku. Kuku wa kisasa ni laini na huingia kwenye mafuta akiwa mbichi. Kuku wa kienyeji ni mtamu zaidi lakini mgumu. Chagua tembe au jogoo mchanga, na umchemshe kwanza kwa chumvi, tangawizi na maji kidogo kwa dakika 30 hadi 40, mpaka nyama iwe laini bila kuachana na mfupa. Supu itakayobaki usiimwage. Itafaa kwa wali, au kwa kulainishia chakula cha mtoto.

Sasa sikiliza neno moja, maana ndilo linaloharibu kazi ya wengi: kausha. Chuja vipande, vifute kimoja kimoja kwa kitambaa safi, kisha vitandaze penye hewa, vimefunikwa kwa chandarua cha chakula, kwa nusu saa. Kuku mwenye maji hutokosa mafuta badala ya kukaangika, na mafuta humrukia mpishi.

Viungo vyako, yaani chumvi, pilipili manga, saumu, tangawizi na vijiko viwili vya maji ya ndimu, vipake kwenye vipande vilivyokauka. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa na chumvi apunguziwe chumvi hapa. Acha dakika 20. Changanya unga wa mchele na wa muhogo, vingirisha kila kipande, kikung'ute unga uliozidi, na uviache dakika 10 ili unga ushike.

Kukaanga mara mbili

Tumia karai au sufuria nyembamba yenye kina, mafuta yasizidi nusu yake. Chombo chembamba hula mafuta machache kuliko kikaangio kipana.

Mara ya kwanza moto uwe wa wastani, nyuzi kama 160. Kama huna kipimajoto, tumbukiza ncha ya mwiko mkavu wa mti. Mapovu madogo yakipanda taratibu, mafuta yako tayari. Weka vipande sita au saba tu kwa mara moja, maana ukijaza mafuta yatapoa na unga utayanywa. Kuku wa kisasa mbichi akae dakika 8 hadi 10. Kuku aliyechemshwa zinamtosha dakika 4 au 5. Vitoe vikiwa na rangi ya manjano hafifu, uviweke kwenye chujio au wavu, visilaliane.

Viache vipumzike dakika 10. Katika muda huo maji yaliyobaki ndani ya nyama husogea kuja juu, na ndiyo hulainisha ganda la kuku aliyekaangwa mara moja.

Mara ya pili chochea moto mpaka mwiko utoe mapovu mengi na ya haraka, nyuzi kama 180. Mafuta yakitoa moshi yamepita kiasi. Rudisha vipande kwa dakika 2 au 3 tu. Utasikia mlio wa mafuta ukipungua. Hiyo ni dalili kwamba maji yamekwisha. Vitoe vikiwa rangi ya dhahabu. Pasua kipande kinene kimoja karibu na mfupa: nyama isiwe na rangi ya waridi, na maji yake yawe meupe.

Chemsha vitu vyote vya sosi, isipokuwa ufuta, kwa dakika 3 mpaka vishike mwiko. Mimina kidogo juu ya vipande ndani ya bakuli kubwa, pindua mara mbili tatu, nyunyiza ufuta, na upeleke mezani papo hapo. Au weka sosi kwenye kibakuli, kila mtu achovye mwenyewe. Njia hii ya pili inafaa zaidi kama kuna anayechelewa.

Tulikosea, usikosee

Mara ya kwanza tulipojaribu, vipapatio vilitoka vikavu na vizuri, nasi kwa furaha tukavifunika ndani ya hotipoti tukisubiri wali uive. Tulipofunua tulikuta vimelegea kama vya mchuzi. Mvuke hauna mahali pa kwenda ndani ya hotipoti, hurudi kwenye ganda. Kwa hiyo wali uwe tayari kwanza, na kukaanga mara ya pili kuwe jambo la mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kunawa.

Kosa la pili lilikuwa kutia chumvi kama kawaida huku sosi ya soya yenyewe ina chumvi nyingi. Kama nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu, mtengee vipande visivyo na sosi.

Tahadhari jikoni

Mafuta ya moto ni hatari kuliko maji ya moto. Weka jiko la mkaa mahali tambarare, penye hewa ya kutosha, mbali na njia ya watoto. Mafuta yakishika moto usimwagie maji kamwe, bali yafunike kwa mfuniko wa chuma. Mtu akiungua, weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Jeraha likiwa kubwa mpeleke kituo cha afya.

Kuku mbichi hubeba vijidudu. Ukimwosha baada ya kumnyonyoa, fanya hivyo kwenye beseni bila kurusha maji, na ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kushika kachumbari. Watoto wadogo watolewe mifupa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ndani ya sosi, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa mbaya.

Mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa, uyahifadhi kwenye chupa gizani. Unaweza kuyatumia mara mbili au tatu zaidi. Yakiwa meusi, mazito au yanatoa povu, yamekwisha. Na kwa kuwa ni chakula cha mafuta, kiwe cha siku maalumu, si cha kila jioni. Kiandamanishe na wali, mchicha au matembele, na kachumbari.

Tulirudi tena

Juma lile lile tulirudi kwa mwenzetu wa Mlimba, safari hii tukiwa na sosi ya soya na ufuta mkobani. Yeye alitoa tembe mmoja, nasi tukasaidiana kutwanga chenga. Binti yake ndiye aliyepewa kazi ya kuvingirisha vipande kwenye unga, na ndiye aliyevihesabu vilipotoka motoni. Vilikuwa 18. Watu mezani tulikuwa tisa: baba, mama, watoto watano na sisi wageni wawili.

"Kila mtu viwili," akatangaza.

Firigisi ilibaki ya baba. Hatukwenda pale kuvunja heshima ya mtu, naye aliipokea akashukuru kama siku zote. Shingo na ncha zilikwisha kuingia kwenye sufuria ya supu, na kila mmoja alipata upawa wake. Baba alitafuna kipande cha kwanza, akatazama mlango wa jikoni, akauliza kama chenga bado zipo. Kisha akamwambia mkewe, "Mama, kaa basi ule kabla havijalegea." Mama alikaa. Kwa kuwa vipapatio hivi havisubiri, hakuwa na sababu ya kuzungukazunguka mpaka wengine wamalize.

Tulimwona yule binti akiitazama sahani ya mama yake. Alihesabu kwa macho: kimoja, viwili. Halafu akainama, akaendelea kula.

Akina mama wenzetu, watoto wetu wanatazama sahani zetu. Wavulana wanajifunza kile mke anachostahili, na wasichana wanajifunza kile watakachojinyima kesho. Mwezi huu, siku utakapopata kuku, mkate vipande vidogo, mkaange makavu, na vihesabu mbele ya watoto. Ukimaliza kuwahesabu wote, usisahau kujihesabu na wewe.